Barua imefika kabla ya fundi bomba

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili. Chuo sikitaji, bado ana mitihani pale. Juzi kanitumia skrinshoti ya barua kutoka ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kosa lake: kuchafua taswira ya chuo mitandaoni.

Alichoweka status ni picha moja. Bomba la hosteli yao, kavu, na chini yake foleni ya ndoo, kila moja imeandikwa namba ya chumba kwa rangi ya kucha. Juu akaandika, "Siku ya tisa." Basi. Hakumtukana mtu. Barua ikatoka kesho yake, ina kumbukumbu namba na muhuri. Fundi bomba bado anatafutwa.

Nimeusoma mwongozo wa chuo chao kuhusu mitandao ya kijamii. Haya, sikatai yote. Anayevujisha mtihani, anayesambaza picha za faragha za binti waliyeachana, mhadhiri anayemwandikia mwanafunzi "umelala?" saa sita usiku, hao wabaneni, tena mmechelewa.

Lakini hiyo "taswira" nani anaipima? Mtihani una mwongozo wa kusahihishia, taswira haina. Leo ni picha ya bomba, kesho ni swali kuhusu bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, lililochelewa, keshokutwa ni kucheka emoji isiyofaa kwenye grupu la darasa. Na anayeamua ni yuleyule mwenye bomba! Mlalamikaji yeye, shahidi yeye, hakimu yeye, na chai anaagiza yeye.

Halafu adhabu zetu hupenda kutangulia hukumu. Machi 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimsimamisha masomo mwanafunzi wake Abdul Nondo kwa kuwa alikuwa na kesi, na moja ya mashtaka lilitokana na ujumbe wa WhatsApp kwamba yuko hatarini. Novemba mwaka uleule mahakama Iringa ikamwachia huru. Sawa, kaachiwa. Vipindi vilivyompita, nani alimrudishia? Mwanafunzi akisimamishwa, wenzake wanaendelea na kozi, mwenye chumba anadai kodi, na nyumbani mama anawaambia majirani mtoto yuko likizo.

Wafanyakazi nao hawajapona. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilimsimamisha kazi mtafiti wake Stella Nyanzi mwaka 2017 kwa maandishi yake ya Facebook. Lugha yake nisingeisoma mbele ya mama mkwe, nakiri kwa shingo upande. Ila mhadhiri akishajua Facebook inaweza kumtoa kazini, atawafundisha nini watoto wetu kuhusu kusema ukweli? Atawafundisha kufuta.

Mpwa wangu ametakiwa kuandika barua ya kuomba radhi. Jana usiku kanipigia nimsaidie maneno.

"Mjomba, niombe radhi kwa lipi hasa? Maji au picha?"

Nikamwambia aandike picha. Ada nishalipa.