Injini ndogo ya tanuri isisubiri siku ya msiba

Mpwa wangu anasomea ufundi mitambo hapa Nyakato. Jumapili iliyopita aliniuliza, "Mjomba, kwenye kiwanda cha saruji mtambo wa kuogopwa kuliko yote ni upi?" Nikamwambia ni tanuri, hasa likisimama.

Sisi watu wa Mwanza saruji tunakutana nayo ikiwa tayari kwenye mifuko, au imeshakuwa nguzo za daraja la Kigongo–Busisi. Mimi kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja huko pwani. Tanuri letu lilikuwa bomba la chuma la mita 60 na ushee, limelazwa kwa mteremko mdogo juu ya rola, ndani limejengewa matofali ya moto. Mawe ya chokaa na udongo yanachomwa humo hadi nyuzi 1,450 hivi, yanatoka klinka, vile vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji. Chuma kitupu hakihimili joto hilo. Kinachokilinda ni matofali, na ule mzunguko usiokoma.

Usiku mmoja mota kuu inayolizungusha tanuri iliungua. Tukakata moto, tukazuia malighafi isiingie, na bomba likasimama na shehena yake yote. Hapo saa inaanza kuhesabu. Klinka imetulia chini, inachoma upande mmoja tu. Upande wa juu unapoa na kusinyaa. Bomba linaanza kupinda kama ndizi. Mvua ikinyesha juu yake ndiyo balaa zaidi, na usiku ule manyunyu yalikuwa yameshaanza.

Kwa ajili ya saa kama hiyo matanuri mengi yana injini ndogo ya dizeli. Unaiunganisha kwa klachi, unalizungusha bomba robo mzunguko, unafunga breki, unasubiri dakika chache, unazungusha robo nyingine. Kadiri linavyopoa, unarefusha muda wa kusubiri. Ni kazi ya subira, na ina hatari yake: shehena iliyopandishwa upande mmoja inataka kurudi chini. Ukiachia breki ovyo, bomba linarudi kinyume kwa nguvu ya mamia ya tani, na injini ndogo ikiwa bado imeshikana nalo inazungushwa kwa kasi ya kuipasua. Fundi aliyesimama karibu hana pa kukimbilia.

Yetu haikuwaka, betri zilikuwa zimekufa. Tulikimbia kung'oa betri za katapila la machimboni, na mpaka injini inakohoa ilikuwa imepita zaidi ya nusu saa. Tuliokoa tanuri, lakini si lote. Lilipowashwa tena baada ya matengenezo, pete ya katikati, ule mkanda mnene wa chuma unaolibeba bomba juu ya rola, ilikuwa inanyanyuka na kushuka, kila mzunguko, unaiona kwa macho. Matofali ya sehemu ile yalianza kudondoka upesi.

Ninachokiamini, na nitakisema popote: injini ile iwashwe kila wiki, na kila tanuri linaposimama iwashwe ikiwa imeshika mzigo. Kuishia kuingurumisha dakika tano bila klachi na kusaini daftari ni kujidanganya. Na kila zamu iwe na watu wawili waliowahi kulizungusha tanuri kwa mikono yao, mchana, bila taharuki. Najua mameneja wanavyojibu: kusimamisha uzalishaji kwa mazoezi ni hasara. Tanuri husimama lenyewe kwa matengenezo kila mwaka. Hapo ndipo pa kuwafundisha watu, hakuna klinka inayopotea.

Wengine husema siku hizi umeme upo, Bwawa la Nyerere linaweza kutoa megawati 2,115, dizeli ya nini? Mota iliyoungua haijali umeme upo au haupo.

Nenda Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, alfajiri. Mitumbwi mingi ina mashine nyuma, ila sijaona mvuvi anayeacha kasia nchi kavu, na kila mtoto wa mle mtumbwini anajua kulipiga. Ziwa halikuulizi kama mashine yako ni mpya.

Mpwa wangu anakwenda mafunzo ya vitendo mwezi ujao. Nimemwagiza siku ya kwanza aombe kuoneshwa injini ndogo ya tanuri, aulize mara ya mwisho ilishika mzigo lini na nani alikuwa kwenye breki. Jibu atakalopewa anipigie simu jioni hiyo hiyo.