Mshenga Asiyejua Kuondoka

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alituachia urithi wa vitu viwili ambavyo havikuwahi kukutana: mashine ya kijivu ya PlayStation aliyoinunua Yokohama, na mfuko wa CD kumi na moja za michezo alizozinunua Houston. Alivishusha vyote nyumbani kwetu Rahaleo, hapa Mtwara, bila kujiuliza kama vitu hivyo vinasikilizana.

Kikwazo cha umeme nilikiruka salama, kwa sababu redio kaseti ambayo mjomba aliileta kutoka Japani katika safari ya awali ilikuwa imekwisha kutufundisha, kwa moshi mzito, kwamba vyombo vya huko vimezoea volti 100 na ukutani kwetu zinatoka 230. Nilinunua transfoma yenye uzito wa jiwe la kusagia, nikaiwasha mashine, nikaweka CD. Ikakataa. Nikaweka nyingine, ikakataa pia, na zote kumi na moja zikakataliwa kama wachumba wa ukoo usiotakiwa.

Sababu yake niliijua baadaye. Katika CD halisi za mashine hizi, mwanzoni kabisa, njia inayofuatwa na mwanga wa leza hutikiswa makusudi kiwandani, na ndani ya mtikisiko huo hufichwa herufi nne: SCEI kwa CD za Japani, SCEA kwa za Marekani, SCEE kwa za Ulaya. Mashine isiposikia herufi za kwao, haifungui mlango. Dawa yake ni chipu yenye miguu minane, ambayo hulehemiwa ndani ya mashine na kuinong'oneza SCEI, SCEI, SCEI, mpaka iamini kwamba binti wa Houston amezaliwa Yokohama.

Mama mkubwa, anayeuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuliwa, na ambaye ndiye mwenye fedha nyumbani, alitaka maelezo kabla ya kufungua pindo la kanga.

"Hicho kidude kazi yake nini, mwanangu?"

"Ni mshenga, mama. Anapeleka posa."

"Basi apewe chake. Posa haiendi mikono mitupu."

Niliagiza chipu kwa mtu wa Kariakoo aliyeniapia kwa Mungu mmoja kwamba ni yenyewe, wala si ya bandia. Ilifika kwa basi, imefungwa katika kipande cha gazeti, na mgongo wake ulikuwa umekwaruzwa hata hausomeki. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini kitu halali kimefutwa jina. Mimi nilijiambia kwamba ni uchakavu wa safari. Nililehemu nyaya zake usiku kucha, nikaunguza kidole kimoja na kitambaa cha meza alichokifuma mama mkubwa kwa mkono wake, lakini alfajiri CD ya kwanza, iliyokuwa ya zamani kuliko zote, iliitika. Nikatangaza mtaa mzima kwamba siku ya Idi kutakuwa na gemu kwetu.

Siku hiyo sebule ilijaa watoto, mabaraza mawili ya wazee yakahamia dirishani, na mwenyekiti wa mtaa akapewa kiti chenye mito. Kwa kuwa wageni walikuwa wa heshima, niliacha CD ile ya zamani nikachagua mpya kuliko zote, yenye jalada linalong'aa. Nembo ikapita, muziki ukaanza, watoto wakapiga makofi, kisha kioo cha runinga kikawa cheusi na maneno ya Kiingereza yakatokea. Kijana mmoja wa kidato cha pili akayatafsiri kwa sauti ya kusoma hukumu: "Programu imekomeshwa. Huenda mashine hii imefanyiwa marekebisho. Piga simu." Chini yake palikuwa na namba ya Marekani.

Mwenyekiti alisimama, akavaa viatu, akakumbuka kwamba alikuwa na mgonjwa wa kumwangalia Chikongola.

"Marekani wamejuaje?" aliuliza mama mkubwa, na kabla sijajibu alikuwa amekwisha kuchukua simu yake na kuamuru namba ipigwe, kwa sababu mtu mzima akiitwa huitika. Nilipiga. Akaiweka simu sikioni, na sauti ya yule dada wa mtandao ikamwambia kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani.

"Tusamehe, mwanangu," mama mkubwa alimjibu. "Ni kijana wetu, hana baba, amelehemu bila kujua." Alipokata simu alitugeukia akiwa ameridhika. "Kumbe hata wao wanasema Kiswahili."

Siku ya pili niliipeleka mashine kwa fundi redio, ambaye aliitazama chipu kwa lenzi na kucheka hata akaomba maji. Mgongo ule, alisema, ulipigwa msasa. Mtu alinakili programu ya zamani ya wenzake, akaijaza katika chipu tupu, akafuta alama. Kosa la nakala hiyo ni domo. Chipu za baadaye husema herufi zake mwanzoni tu, kisha hunyamaza; hii yangu haikuwa na hata chembe ya haya. Nayo michezo iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imetegewa mtego: huipeleka leza mahali ambapo herufi zile hazipaswi kusikika kabisa, na zikisikika hata huko, siri imefichuka.

Nilimweleza mama mkubwa kwa lugha yetu: mshenga wetu ameshafungisha ndoa, lakini amekataa kuondoka, amekaa kitandani katikati ya maharusi akiendelea kusifia ukoo.

"Huyo si mshenga," alisema. "Huyo ni wa kutolewa kwa mkono."

Na ndivyo tulivyofanya. Fundi alikata waya wa umeme wa chipu, akaweka swichi ndogo ubavuni mwa mashine, ili chipu izimwe mara tu nembo ya mchezo inapotokea. Ukiwahi, CD haifunguki. Ukichelewa, Marekani wanataka kupigiwa simu. Mimi huchelewa. Kwa hiyo kila jioni watoto wakikusanyika, mama mkubwa huacha ungo wake wa ming'oko, huketi kando ya mashine na kidole juu ya swichi, na nembo ikichomoza tu, nyumba nzima humsikia:

"Mshenga, toka!"