Kabla Hujaweka Maneno ya Pain Kwenye Statusi

Katika maneno yote ya anime, yaani katuni za Kijapani, yanayozunguka kwenye statusi za WhatsApp za vijana wa Goma, sioni yanayorudi mara nyingi kama yale ya Pain, adui katika hadithi iitwayo Naruto: "Wasiojua maumivu hawawezi kuielewa amani ya kweli." Huandikwa juu ya picha ya macho yale ya zambarau yenye duara ndani ya duara, mara nyingi kwa Kifaransa, kwa kuwa hapa kwetu anime hutufikia kwa sauti za Kifaransa au kwa maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Anayeyaweka huwa na sababu yake ya haki: amefiwa, ametolewa kwenye nyumba ya kupanga, au amehama kwa mara nyingine akiwa na godoro kichwani. Mimi pia nayapenda. Lakini katika hadithi anayeyatamka anaelea angani juu ya kijiji cha Konoha, na akimaliza kuyatamka anakisambaratisha kijiji hicho pamoja na watu waliomo.

Pain, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Nagato, si mwovu aliyechorwa kwa haraka. Masashi Kishimoto, aliyeichora Naruto kuanzia 1999 hadi 2014, alimpa asili ambayo mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa mara mbili: yatima wa nchi ndogo yenye mvua isiyokoma, nchi ambayo majirani wakubwa waliigeuza uwanja wa vita vyao, na ambamo wazazi wake waliuawa ndani ya nyumba yao. Baadaye akampoteza Yahiko, rafiki aliyekuwa akiota amani kwa niaba yao wote, kisha akafikia uamuzi kwamba dunia itatulia tu ikionjeshwa uchungu alioonja yeye. Maneno yake yakisomwa peke yake yanafariji, lakini yakisomwa ndani ya hadithi ni hoja ya mtu anayejipa ruhusa ya kuua. Sisi wa kando ya ziwa hili tunaifahamu hoja hiyo, maana sijasikia habari za mtu aliyeingia mji huu na bunduki bila maelezo yake ya amani.

Ndiyo maana nasema kwamba msemo wa anime haujatimia mpaka tumjue aliyeusema, alikuwa katika hali gani alipousema, na hadithi ilimfikisha wapi baada ya hapo. Msemo uliokatwa na kubandikwa juu ya picha ni kama kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake: huenda kikakusaidia, lakini hujui ni cha ugonjwa gani. Tena naona kwamba masomo yenye uzito zaidi katika hadithi hizi hayamo katika sentensi zinazopigiwa kelele na mashujaa. Yamo katika midomo ya wahusika wa pembeni, au katika nafasi ambapo shujaa mwenyewe anakosa la kusema.

Chukua hilohilo la Pain. Alipomuuliza Naruto, shujaa wa hadithi, ataikabili vipi chuki ili amani ipatikane, Naruto alikiri kwamba hajui. Mbele yake yupo mtu aliyemuua mwalimu wake, Jiraiya, na kukibomoa kijiji chake. Ana uwezo wa kumwua, na hana hoja ya kumshinda kwa maneno, ila bado anakataa kulipiza. Nagato ndiye anayetoa uhai wake uliobaki ili aliowaua Konoha wafufuke. Neno "sijui" halipendezi kwenye picha na hakuna atakayelipamba kwa herufi za rangi, lakini katika vipande 500 vya Shippuden, sehemu ya pili ya anime hiyo (ambavyo, tukubaliane, vingi vingeweza kuachwa bila hasara) sioni neno lililohitaji ujasiri kuliko hilo.

Halafu kuna Eren, shujaa wa anime iitwayo Attack on Titan. "Pigana! Usipopigana huwezi kushinda." Wanafunzi wa darasa la mwisho huyapandisha maneno haya kabla ya mtihani wa Serikali, na hapo sina ugomvi nayo, kwa kuwa mtihani hauna mama wa kumlilia. Eren anayasema akiwa bado mtoto, akimpigia kelele Mikasa, msichana aliyetekwa, katika nyumba ya watekaji walioua wazazi wake, na katika nyumba ile anasema kweli tupu: wasipopigana watakufa. Ila Hajime Isayama, mwandishi wake, hakumwacha pale. Mtoto yule alikua akiwa ameishika kanuni hiyo moja tu, akaitumia kwa kila swali la maisha, na mwisho wake ni majitu anayoyaachilia yakanyage dunia hadi asilimia 80 ya binadamu kuangamia. Anayemchukua Eren wa mwanzo kuwa mwalimu wake na kumkana Eren wa mwisho anajidanganya, kwa sababu ni mtu yuleyule mwenye sentensi ileile.

Katika anime hiyohiyo kuna maneno ambayo sijayaona kwenye statusi ya mtu yeyote hapa, nayo ndiyo ningeyaandika kwa rangi kwenye ukuta wa soko la Virunga kama ningeruhusiwa. Yanatoka kwa Mzee Braus, baba yake Sasha, mfugaji wa farasi ambaye haonekani sana katika hadithi. Binti yake ameuawa kwa risasi na Gabi, msichana wa miaka 12 aliyefunzwa uaskari na kulishwa chuki tangu utotoni. Bila kujua alichofanya, wazee hawa walimpokea nyumbani kwao, wakamlisha, wakamlaza pamoja na mayatima wanaowalea. Kisha siku moja katika mgahawa wa Niccolo, mpishi aliyempenda Sasha, ukweli unafichuka, na Niccolo anamnyooshea mzee kisu ili amalize kazi yeye mwenyewe. Mzee anakipokea. Anaanza kueleza kwamba alimlea binti yake msituni akiwinda wanyama kwa upinde, kwamba alimtoa msituni kwa kuwa maisha yale hayangedumu, kwamba binti akawa askari, akaenda nchi ya watu, akapiga watu risasi, naye akapigwa. Alitoka msituni, anasema, kumbe dunia yenyewe ni msitu mmoja mkubwa ambamo watu wanauana. Kwa hiyo angalau watoto tuwatoe humo, na dhambi na chuki za zamani zibebwe na sisi watu wazima.

Niliitazama sehemu hiyo katika saluni ya kinyozi huko Majengo, ambako wateja hungojea zamu mbele ya kompyuta ndogo iliyojazwa filamu kutoka kwenye flashi, na ambako simu za jirani nazo huchajiwa kwenye soketi zilizopangwa chini ya kioo. Kijana aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa kikiwa kimenyolewa, alisema kwa sauti: "Huyu mzee ni muoga." Mama mmoja aliyekuwa akingojea simu yake, ambaye sidhani kama alijua hata jina la anime ile, alimjibu bila kugeuka: "Wewe hujazaa, mwanangu." Kijana alibisha mpaka nywele zikaisha.

Huku kwetu msitu aliousema Mzee Braus unajulikana kwa majina ya vijiji. Tangu vita vya 1996 na 1997 tunalo neno kadogo kwa watoto waliovalishwa magwanda yanayowazidi mwili na kubebeshwa silaha, na mtu akisema kwamba kijana fulani ameingia msituni, hakuna anayefikiri amekwenda kutafuta kuni. Kwa hiyo nikiulizwa ni anime gani iliyosema jambo la kutufaa sisi, siendi kwa shujaa anayewaka moto. Naenda kwa mzee huyu aliyeshika kisu na kukiweka chini, wakati sheria yote ya kisasi ilikuwa upande wake.

Fullmetal Alchemist, anime nyingine, inanipa shida ya aina nyingine, kwa sababu msemo wake mkuu unakubalika haraka mno. "Binadamu hawezi kupata kitu bila kwanza kutoa kitu chenye thamani sawa." Ni sentensi ambayo wahubiri na walimu wa ujasiriamali wangeipokea kwa mikono miwili, na ina ukweli wake: Hiromu Arakawa, aliyeiandika, alikulia katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kisiwani Hokkaido, na kazi zake zinaonyesha kwamba anajua jasho ni nini. Lakini mwambie hayo mama aliyeona lava ya Nyiragongo ikikata mji tarehe 17 Januari 2002 na kufunika duka lake pamoja na nyumba. Alitoa kila kitu, akapata mawe meusi, akajenga juu yake. Mwambie tena aliyepoteza nyumba usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Hapakuwa na kubadilishana. Kulikuwa na kunyang'anywa tu, na anayewaambia watu hawa kwamba hasara yao lazima iwe bei ya baraka fulani inayokuja anawaongezea mzigo.

Uzuri ni kwamba hadithi yenyewe inaligundua hilo. Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanaojua alkemia (sanaa ya kubadilisha kitu kuwa kingine kwa kuchora duara), walijaribu kumrudisha mama yao kwa kanuni hiyo, wakalipa kwa mguu, mkono na mwili mzima, na mama hakurudi. Katika kurasa za mwisho Alphonse anakuja na hesabu tofauti: ukipewa kumi, ongeza moja yako, umpe mwingine kumi na moja. Wauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wanaocheza likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, wanaielewa hesabu hii bila kuchora duara la alkemia. Kwa kanuni, kila mmoja hutoa sawa na kupokea sawa kwa zamu yake, wala hakuna mjadala. Lakini mwenzao akifiwa, aliye na zamu humwachia, na wengine huongeza kidogo ambacho hakiandikwi kwenye daftari. Hata Edward, anapomposa Winry, msichana anayempenda, kwa kumwahidi nusu ya maisha yake ili naye ampe nusu, anachekwa; Winry anataka kumpa yote, anajirudi, anapiga hesabu, anaishia kwenye asilimia 85. Hapo ndipo kanuni ya thamani sawa ilipozikwa, na sikumbuki kuona mtu akiipost.

Rock Lee wa Naruto na sifa zake za bidii nawaachia makocha wa mpira. Daktari Hiriluk wa One Piece, hadithi ya maharamia, ndiye pekee ninayemweka kwenye statusi yangu mwenyewe, hasa tunapowakumbuka marehemu wetu: mtu hafi kwa risasi wala kwa ugonjwa, hufa anaposahauliwa. Hata huyo ni vizuri kujua ni nani. Alikuwa daktari wa uongo ambaye wagonjwa walimkimbia, na alikuwa ametoka kunywa supu ya uyoga wenye sumu akijua ina sumu, kwa sababu Chopper, kulungu mdogo aliyemlea, aliutafuta kwa mapenzi mpaka karibu afe, akiamini ni dawa.

Najua wapo watakaoniuliza kuhusu Luffy, shujaa wa One Piece, na ahadi yake ya kuwa mfalme wa maharamia. Eiichiro Oda aliianza hadithi hiyo mwaka 1997 na bado hajaimaliza, kwa hiyo kesi ya Luffy nimeiahirisha. Wanaosema wanajua ataishia wapi wajibizane na vijana wa Mabanga, ambao hutunza megabaiti zao za mwisho kwa ajili ya kipande kipya na hawapendi kuharibiwa hadithi.