Msimlaumu Foremani kwa Ramani Ambayo Hamkuiondoa

Juma lililopita nilisimama kwenye saiti moja mtaani Kilimani, Nairobi, nikiwatazama mafundi wawili wakibomoa kwa nyundo nguzo ambayo zege lake halikuwa limetimiza hata siku tisa. Nguzo yenyewe haikuwa na ila: nondo zilikuwa kamili, ringi zilikuwa zimefungwa vizuri, na vipimo vyote vililingana na ramani iliyobandikwa kwenye ukuta wa mabati wa stoo, yenye muhuri wa ofisi na sahihi ya mhandisi. Taabu ni kwamba ramani hiyo ilikuwa toleo B, ilhali mradi ulikuwa umefika toleo D, ambalo liliisogeza nguzo hiyo kwa sentimita 30 ili magari yapate nafasi ya kupinda yanaposhuka kwenye maegesho ya chini.

Katika mkutano uliofuata, wakubwa wote waliafikiana kwa wepesi wa kushangaza kwamba mwenye makosa ni foremani. "Toleo D lilitumwa kwenye kundi la WhatsApp," alisema bwana mmoja mwenye shahada mbili, kana kwamba hukumu imekwisha kusomwa. Ni kweli lilitumwa. Lilitumwa Alhamisi saa nne usiku, katika kundi lenye watu zaidi ya 40, na kufikia alfajiri lilikuwa limefunikwa na orodha ya mchango wa mazishi, picha za lori la mchanga lililokwama, na salamu za asubuhi zilizopambwa kwa maua. Isitoshe, lilitumwa kama picha wala si kama faili, nayo picha ikishabanwa na simu, tarakimu 3 na 8 huwa pacha.

Mimi ndiye ninayetunza nyaraka za mradi huo, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu, na niliikubali mbele ya wote. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mzee yule alifuata karatasi yenye muhuri wetu, tuliyoibandika sisi wenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kumwambia aibandue. Kutoa ramani mpya ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifuata ile ya zamani ilipo na kuiondoa, na mzigo huo ni wa aliyeitoa, si wa aliyeipokea. Nilipoanza kazi hii, kijana wa ofisi alipanda matatu na kwenda saiti akiwa na nakala mpya pamoja na daftari. Foremani alitia sahihi, akarudisha nakala ya zamani, nayo ikapigwa muhuri mwekundu wa kubatilishwa palepale. Utaratibu huo tuliuona wa kizamani, tukaufuta, na badala yake tukajipa alama mbili za buluu kwenye simu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ofisi hizi hizi, zinapoomba zabuni, hujaza kurasa kwa sifa za ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi kilichotolewa mwaka 2018, ambacho kinataka kila hati ijulikane hali yake: kama bado inaandaliwa, kama imetolewa kwa wengine waipitie, kama imeidhinishwa kutumika, au kama imebaki kumbukumbu tu. Maneno mazuri hayo. Nendeni basi mkamwonyeshe foremani ni wapi kwenye ukuta wa mabati hali hizo zimeandikwa.

Kuna pia hili la kuchapisha kwenye saiba. Ramani ya karatasi kubwa ya A1 iliyochorwa kwa kipimo cha 1:50 ikipunguzwa hadi A3 inakuwa 1:100, lakini pembeni bado inajitangaza kuwa 1:50, na fundi anayeweka rula juu yake anapata nusu ya urefu halisi. Naye ataitwa hajasoma.

Sitaingia sana katika majibu ya vipimo vya nguvu ya zege lililofikisha siku 28, ambayo huwasili wakati ghorofa nyingine mbili zimekwisha kumwagwa na kisha hayajulikani yalipowekwa. Wala sitasimulia ni maofisi mangapi yanayotupa mafaili mara tu mwenye jengo anapokabidhiwa funguo, huku sheria yetu ikimruhusu mtu kudai haki ya mkataba kwa muda wa miaka 6.

Nakiri, shingo upande, kwamba WhatsApp imeokoa siku nyingi za kungoja, na kwamba programu ya kulipia yenye kumbukumbu ya kila toleo ingenirahisishia kazi. Lakini programu hiyo itafunguliwa na nani, ikiwa foremani ndiye anayejinunulia bando na kioo cha simu yake kimepasuka mara tatu? Mnunulieni kwanza tableti, kisha mje tujadili teknolojia.

Mkutano ujao ni Jumanne. Kumbukumbu za mkutano uliopita zinasema gharama ya kubomoa na kumwaga upya itakatwa kwenye malipo ya foremani. Nimeandika barua kupinga jambo hilo, na nimeiambatanisha na ile ramani ya toleo B, niliyoibandua ukutani kwa mkono wangu, ikiwa bado na muhuri wetu na bila alama yoyote ya kubatilishwa.