Sentimita 43 zilizoniletea mashemeji

Jamani msinielewe vibaya, maendeleo nayapenda, hii SGR, reli mpya ya treni ya umeme, nayo naipenda na siku inaanza kuja Dodoma nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, ila kuna jambo hakuna aliyetuambia mapema na leo nalisema: mtu akioa mbali ana sababu zake. Mimi ni mtu wa hapa Dodoma, Kizota, nikaenda kuoa binti wa Mbagala kule Dar, na kati ya Mbagala na Kizota palikuwa na kilomita kama 450 za heshima. Heshima kubwa kabisa. Mashemeji nilikuwa nawapenda sana enzi hizo, nawapigia simu, nawatumia na vocha, tunaitana kipenzi, kwa sababu nilijua hata wakininunia leo watanifikia kesho wakiwa wamechoka.

Maana treni ya zamani ilikuwa haichezi na mtu. Unapanda Dar jioni, daraja la tatu, mguu mmoja wako na mwingine umekalia kiroba cha mtu usiyemjua, chini ya kiti kuna kuku, juu ya kuku kuna mtoto, usiku kucha mnapanda kutoka bonde la Mkondoa taratiiibu, mnasimama porini mnasubiri kupishana na treni ya mizigo, hakuna anayejua inakuja lini, asubuhi unaamka Gulwe shingo imepinda na Dodoma bado. Mtu akishasafiri hivyo anakuja kwako kwa jambo la maana tu. Msiba, au mtoto amezaliwa. Hakuna mtu alikuwa anapigika namna hiyo eti anakuja "kubadilisha hewa".

Ikaja tarehe 25 Julai 2024, safari za SGR kutoka Dar mpaka Dodoma zikaanza, tarehe 1 Agosti Rais Samia akazindua rasmi, mwezi haujaisha shemeji yangu mdogo yuko sebuleni kwangu amenyoosha miguu anauliza rimoti iko wapi. Nikamwambia karibu shemeji, kuna usalama? Akasema kwema kabisa shemeji, nimesema tu nije nionje treni. Sasa wewe umekuja kuonja treni, mbona unaionjea kwenye kochi langu?

Nikakaa nikapiga hesabu. Reli ya Mjerumani ina upana wa mita moja. Hii mpya ni milimita 1,435. Toa hapo, tofauti sentimita 43 na nusu. Chukua futi ya fundi upime mwenyewe, hata nusu mita haifiki, na hizo sentimita ndo zimeniletea ukoo mzima wa Mbagala. Najua mainjinia watanirukia kwamba sio upana peke yake, kuna kona zimenyooshwa, kuna mahandaki kule Kilosa, kuna umeme, kuna mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Sawa. Mi nawajibu tu kwamba hata zile kona zilikuwa na kazi yake.

Na taarifa sasa hivi hazina maana. Zamani mgeni anaandika barua, baadaye simu, una siku nzima ya kujipanga, unamkimbiza kuku, kuku anakimbia, majirani wanakusaidia, jioni anapatikana. Sasa hivi naletewa meseji ya wasapu: "Baba Neema tumeshapita Pugu". Nikiwa bado nasoma, "Moro hiyoo". Halafu kimya, wako kwenye handaki, hapo ndo napata upepo kidogo. Halafu "tupo Gulwe mkwe, maji ya kuoga yapo?" Maji ya kuoga! Dodoma! Mtu anatoka Dar anaulizia maji kana kwamba nimechimba kisima kwa ajili yake, kwetu bomba linatoka likijisikia, na huyo akioga anamaliza ndoo mbili na anaimba.

Adui mkubwa lakini yuko ndani mwangu. Baba yangu mzazi. Mzee ni mwanareli mstaafu, mtoto wa mwanareli. Babu alikuwa wa gengi pale Kintinku, enzi za Mwingereza, anaamka alfajiri na wenzake na nyundo na spana wanatembea kipande chao cha reli wanakaza nati, wanainua yale mataruma ya chuma, jua la Ugogo mnalijua. Aliwahi kupelekwa mpaka Msagali wakati ule Mwingereza amepata wazimu wa karanga Kongwa, 1947 hiyo, wakatandika na reli ya kwenda huko, wakalima kwa matrekta kwenye ardhi ambayo mvua yake sisi wenyewe tunaiomba kwa unyenyekevu, 1951 wamefunga virago, baadaye na reli ikang'olewa. Babu alikuwa anasema aliibeba hiyo reli kwenda, na wenzake wakaibeba kurudi, na karanga zenyewe hajaonja.

Sasa mzee wangu akipata mgeni anayesema neno treni, basi hiyo siku hamlali. Anaanzia 1905 Mjerumani anaanza kujenga Dar, 1907 yuko Morogoro, 1910 yuko Dodoma, 1912 Tabora, 1914 Kigoma, hapo chai ya kwanza imeisha. Anaingia 1928 Mwingereza amefikisha tawi la Mwanza. Anaingia Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 1977 Jumuiya inavunjika, anasimulia utadhani yeye ndo alitalikiwa. Kila mgeni akitaka kuaga, mzee anasema "kaa kwanza, sijakwambia ya Saranda". Na ya Saranda ni ndefu kuliko zote maana ina kuku ndani yake, wale kuku wa kuchoma waliokuwa wanauzwa dirishani, na mzee kila kuku anamsimulia peke yake. Shemeji badala ya kuchoka anasema kesho aendelee. Nauli ya kawaida ni elfu thelathini na moja, akifika kwangu chakula bure, na simulizi juu. Kwa nini asirudi?

Kuna mahali pamoja tu mzee hasimulii kwa mbwembwe, akifika Igandu. Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima ule, ikaenda kugonga treni ya mizigo, watu zaidi ya 280 wakafa. Hapo hata mimi siweki utani. Wenzake mzee wa reli walikuwemo humo. Akimaliza anawaambia wageni hii mpya ni tamu lakini pale mkipita muwe mnanyamaza kidogo, na nimeambiwa mama mkwe huwa kweli ananyamaza, japo kwa treni yenyewe inavyopita nadhani ananyamaza sekunde chache.

Turudi kwenye hasara. Wageni wa zamani walikuwa na adabu moja, mikono haiji mitupu. Baba mkubwa akitoka Tabora ana dumu la asali. Wa Kigoma wana dagaa na mawese, nguo zote zinanuka lakini jikoni kuna furaha. Wa Dar walikuwa wanabeba nazi na samaki wa kukaanga. Sasa hivi mgeni anashuka kwenye ile stesheni iliyojengwa kwa mfano wa majabali yetu, amevaa miwani, ana kibegi cha mgongoni, ndani kuna chaja. Chaja tu! Ukimuuliza anasema treni ya kisasa hii shemeji, haina mambo ya viroba. Kuja haina mambo ya viroba. Kurudi sasa! Zabibu anataka, ubuyu anataka, unga wa uwele anataka kwa ajili ya sukari ya mama, mlenda mkavu anataka, na kuku ameshachinjwa amekaangwa amewekwa kwenye hotipoti yangu ambayo hairudi. Hapo ghafla mizigo inaenea.

Siku moja nilikuwa namsikiliza mzee akafika kwenye habari za wazee wetu kabla ya reli, nikakaa vizuri. Kumbe zamani misafara yote ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ikatize Ugogo, nchi kavu hii, maji ya shida, na watemi wa Kigogo walikuwa hawana masihara. Unataka kupita? Unataka maji? Leta hongo. Vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Wazungu wapelelezi wamepita hapa wakalia kwenye vitabu vyao kwamba Wagogo wanawakamua. Mtemi mmoja unamalizana naye, unatembea kidogo unamkuta mwingine amekaa chini ya mbuyu anakusubiri. Nikasema jamani kumbe sisi tulikuwa watu makini hivi! Mimi damu hiyohiyo, napitisha misafara ya Mbagala bure, na maji wanaoga, na kuku nawafungashia. Nikamwambia mama Neema tuweke utaratibu hapa getini, mita moja ya kitenge na shanga kidogo kwa kila kichwa. Akanitazama, akasema na mama yangu utamtoza? Nikasema mama ni mgeni maalumu. Habari ya hongo ikafia hapo.

Mnasema labda na mimi nitumie treni niwalipizie. Hamjui mlisemalo. Zamani nikipigiwa simu ya kikao cha harusi Dar nilikuwa nasema jamani umbali, nawatumia mchango kwa simu, Mungu awabariki, wote wanaitikia amina. Mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yalipokata reli kati ya Kilosa na Gulwe, poleni sana watu wa Kilosa maana kwenu ulikuwa msiba, mimi ile habari niliitumia kama udhuru muda mrefu baada ya reli kutengenezwa. "Si mnajua Mkondoa ule." Nani Mbagala anaujua Mkondoa? Walikuwa wanasema pole. Sasa hivi nikisema umbali, mtu ananijibu panda mchongoko, ile SGR yenye pua iliyochongoka, asubuhi, kikao saa nane, usiku umelala kwako. Kikao cha kwanza, kikao cha pili, kikao cha kuvunja kamati. Na nikifika natoa mchango uleule niliokuwa natuma, nikijumlisha na nauli kwenda na kurudi, bibi harusi ananidai shukrani.

Halafu kibaya zaidi ni mama mkwe mwenyewe. Yule mama zamani tulikuwa tunaonana kwa nadra, shikamoo mama, marahaba baba, basi, kila mtu anamuogopa mwenzake vizuri. Sasa ameanza kunizoea. Anajua nanunua nusu kilo ya nyama. Anajua kiti kipi kimevunjika mguu na nimekiegemeza ukutani. Juzi kanikuta na bukta. Bukta! Nilikuwa naosha pikipiki, bajaji ikasimama, nageuka namuona mama mkwe na mkoba wake, hakuna meseji wala nini, anasema bando liliisha. Nilikimbilia nyuma ya tanki la maji nikamwamkia nikiwa huko.

Nikajipa moyo kwamba angalau balaa ni la upande mmoja, upande wa Dar. Jana usiku mzee amewasha redio, anasikiliza, anatabasamu, ananiita. Anasema mwanangu reli inaendelea. Makutupora mpaka Tabora, Tabora Isaka, Isaka Mwanza, na nyingine Tabora kwenda Kigoma. Mimi hapo nikaanza kuhesabu ndugu. Tabora kwa baba mkubwa, watoto wake wote wameoa. Mwanza binamu, wanakula hao. Kigoma ndo usiseme. Mzee anaendelea tu, na kuna ya Uvinza kuelekea Musongati, Burundi. Nikashusha pumzi nikasema afadhali, Burundi hatuna mtu.

Mama Neema akatoa kichwa jikoni. "Baba Neema, hivi nilishakwambia dada yake bibi aliolewa Gitega, hukohuko Burundi?"