Fuko Hana Mpaka

Nyinyi wa Kampala mnalalamikia foleni na vumbi. Njooni huku kwetu Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mjue maana ya kusumbuliwa na adui asiyeonekana. Shamba langu lina wakazi wa juu na wakazi wa chini. Wa juu ni mimi, mama watoto na watoto, na kazi yetu ni kulima. Wa chini ni fuko, na kazi yake ni kuvuna.

Udongo wetu ni wa volkano, laini na wenye rutuba. Bwana shamba akija anausifu mpaka jasho linamtoka. Fuko naye anausifu, ila yeye hana hotuba. Unaamka asubuhi unakuta vilima vya udongo mbichi vimepanda kutoka kwenye kahawa hadi kwenye viazi vitamu. Unaona shina limenyauka, unalivuta kidogo tu, lote linakuja mkononi halina mzizi hata wa dawa. Viazi viko ghalani kwake. Ndiyo, jamani, ana ghala huko chini! Na lake halijainama.

Langu limeinama. Hiyo si kazi ya fuko, ni ya panya buku, aliyeiacha ekari nzima akaona pa kuchimba ni chini ya nguzo ya ghala la mahindi. Panya wa kilo moja na ushei, ana mifuko mashavuni ya kubebea mzigo. Haibi kwa kula, anaiba kwa kuhamisha. Nasikia kule Morogoro ndugu zake wanafundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na ugonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu 71 ya ardhini, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu. Mimi wangu kanusa karanga za mbegu. Medali sina, ila mwiko ninao.

Ushauri nao haukosekani. Jirani akasema choma pilipili kavu, puliza moshi shimoni. Tulikohoa sisi, akakohoa mbuzi, akakohoa na jirani mwenyewe. Fuko aliziba njia kwa udongo akaendelea na shughuli zake. Mwingine akasema panda utupa, ule mmea wa kuvulia samaki, fuko haupendi. Kweli haupendi. Aliuacha upande wote niliopanda utupa, akahamia upande usio na utupa, yaani nyuma ya jiko. Sasa ukuta wa jiko una ufa unaopitisha mkono.

Nikamwita mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa sababu mashimo yanavuka mpaka na jirani anadai fuko ni wangu. Mwenyekiti akainama, akachungulia, akaomba chai. Alipomaliza chai akatoa hukumu: kesi za ardhi anaziweza, za chini ya ardhi hapana.

Ndipo nikaangukia kwa mtegaji. Huyu bwana, nimpe haki yake, ana ufundi. Anafungua njia ya fuko, anaweka tanzi, analifunga kwenye fito aliyoipinda. Fuko hataki shimo lake liingie mwanga wala upepo, kwa hiyo anakuja mbio na udongo wake kuziba. Fito inafyatuka, fwaa! Nilimwangalia kwa karibu: macho ya kutafuta, masikio karibu hayapo, meno ya rangi ya chungwa yako nje, midomo imefungwa nyuma yake ili asile udongo akichimba. Anaishi peke yake, kila mmoja na shimo lake, hata mke na mume hawakai pamoja. Mama watoto aliposikia hivyo akasema, kumbe huyo mke ana akili.

Shida ni malipo. Ni shilingi 5,000 kwa mkia, na mtegaji anataka kulipwa kwa mikia, si kwa viazi vilivyopona. Juzi kaleta mitatu. Fuko mkia wake ni kipande kifupi tu. Mmoja kati ya ile ulikuwa mwembamba, mrefu, wa panya wa nyumbani kabisa. Nikamwuliza. Akanijibu bila kupepesa, "Huyu alikuwa fuko mrefu, mzee."

Na naapa anaacha mbegu. Kila akisafisha shamba, muhula wa shule ukikaribia kufunguliwa, vilima vinarudi. Watoto wake wanne wanasomeshwa na fuko wangu.

Leo asubuhi kapiga simu tena, sasa anataka na nauli ya boda. Nikampa mama watoto simu, nikamnong'oneza amwambie nimekwenda Mbale.

"Anasema anakuona," mama watoto akanijibu. "Yuko hapo kwenye migomba, anachokonoa shimo."