Bandari: ni neno la Waajemi au la Waarabu?

Huu ubishi hauishi. Likitajwa tu neno bandari, hawa wanasema ni la Kiajemi na ndo ushahidi Washirazi, yaani watu wa Shiraz huko Uajemi, walifika pwani yetu, wale wanasema acheni hadithi, mambo ya baharini tumepewa na Waarabu. Mi naona kila mtu anavutia kwake.

Wa Kiajemi wana hoja, asili ni huko kweli. Angalia ramani ya Iran: Bandar Abbas, Bandar Lengeh, Bandar Anzali. Hata nahodha ni la hukohuko. Ila neno kuwa la Kiajemi haimaanishi Mwajemi mwenyewe ndo kalileta. Waomani wanalo, pale karibu na Muscat kuna Bandar Jissah na Bandar Khayran, vighuba vya kuegesha vyombo. Wagujarati nao wanalo, Porbandar alikozaliwa Gandhi mwaka 1869 ndo bandari hiyohiyo, na hawa wote wawili walikuwa wanashuka kwetu na kaskazi, sasa utajuaje tulilipata kwa nani? (Kihindi ukisema bandar peke yake wanaelewa nyani, ni neno jingine kabisa.)

Halafu cheki Malacca, mji wa bandari ulio Malaysia ya leo, karne ya 15. Sultani alikuwa na mashahbandar wanne, wakuu wa bandari yaani, mmoja wa Wagujarati, mwingine wa Wachina na majirani zao, wengine waligawana waliobaki. Cheo cha Kiajemi kabisa hicho, na nahodha wao wanamwita nakhoda, lakini sijasikia mtu akidai Malacca ilijengwa na Waajemi kisa hayo maneno. Kilichofika ni biashara na lugha yake. Na wenyewe wameligeuza watakavyo, Malaysia bandar siku hizi ni mji tu, ndo maana mji mkuu wa Brunei unaitwa Bandar Seri Begawan, Indonesia wameliunga na udara, hewa, wakapata bandara, uwanja wa ndege, wakati meli zinatia nanga pelabuhan!

Kwa hiyo kamusi ikiandika Kiajemi sawa, ila kulifanya cheti cha kuzaliwa cha Washirazi hapana. Wa Uarabuni nao wasishangilie, maana Kiarabu kina mina na marsa zake kwa maana hiyohiyo na hatukuzichukua. Tulichukua lile lililokuwa midomoni mwa mabaharia, wakiwemo hao Waarabu wenyewe.